Jovinary na Mirungi Siku ya Posa

Farouk, keti kwanza. Jovinary, yule aliyekuwa kiranja wetu wa bweni shuleni, ameiua posa yake mwenyewe mchana huu, nyumbani kwa mchumba wake, Kiseke.

Mshenga anazungumza na wazazi wa Eugenia, sisi wasindikizaji tumeketi, bwana harusi mtarajiwa akatoka "kupunga upepo". Akaenda nyuma ya nyumba kutafuna mirungi! Kisha akaingia jikoni kumtongoza Nusrat, shoga wa Eugenia aliyekuja kusaidia kupika. Jikoni, Farouk! Wakwe wakiwa sebuleni!

Nusrat akapaza sauti: "Eugenia, njoo! Mposaji wako anaposa na huku!"

Eugenia hakulia. Aliyatazama yale macho yaliyomtoka Jovinary na ile taya isiyotulia, akayatambua. Ndivyo alivyokuwa kila aliporudi kutoka kwa wanawake wake wa mtaa wa Mabatini.

"Umetafuna tena."

"Nikitafuna, mwili haunisikii. Si mimi, mpenzi, ni majani."

"Na majani hayo yalikuja kwa miguu yao?"

Kiranja mzima, Farouk! Anajua fika yanakomfikisha, naye huyatafuna ili yamfikishe huko.

"Nipe nafasi. Nitaacha wanawake, naapa."

"Uliapa hivyo Pasaka. Mirungi hukuitaja, nami mjinga nikakubali."

Eugenia akaenda sebuleni. "Baba, simtaki tena. Ila wageni wasiondoke na njaa."

Tukala, kwa heshima ya nyumba ile. Eugenia mwenyewe alimpakulia Jovinary ndizi. Hakumeza hata tonge. Mirungi ilikuwa imemwachia tamaa moja tu, na haikuwa ya chakula.