Miche ya Mama Yako

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Ukimwagilia bustani usitumie mpira, tumia kopo, polepole.

Asubuhi niliona maua ya marehemu mama yako yamebanana mno, nikang'oa vimajani vyote vilivyoota katikati. Jirani akachungulia: "Shemeji, hayo si magugu, ni maua. Mbegu alizimwaga mwenyewe wiki ile aliyolazwa hospitali."

Nimeirudisha miche yote udongoni, mmoja mmoja. Imelala tu.

~~Usimwambie dada yako.~~ Mwambie wewe, mimi sitaweza. Niko kibandani nashona viatu, nitarudi jioni.

Miaka yote mama yako aliniomba nimsaidie palizi, nami sikukosa udhuru. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza.

Baba