Anayejibu Ng'ambo ya Bonde

Jumamosi, 1 Oktoba 2011

Nimerudi kutoka mkutanoni. Viatu sijavua, kahawa imepoa mezani.

Ukumbi wa zimamoto ulifurika. Watu wameendesha gari kutoka Oregon, wengine Idaho, kuja kusikia habari za Mkubwa. Dunia inamwita Bigfoot, lile jitu la manyoya linalosemekana kuishi misituni. Sisi tuliozeeka tukimtafuta tunamwita Mkubwa, kama bosi wa ofisini. Dwight, mwenyekiti wetu, akanitambulisha: "Huyu hapa Mama Verna! Mkitaka kulia, mpelekeeni nyayo zenu!" Kicheko. Ndiyo heshima yangu hiyo — mwanamke anayesema "dubu". Bwana mmoja kaniletea picha za nyayo amezifunga kwa kitambaa, kama mayai. Dubu.

Kisha akapanda jukwaani Lyle Amundsen. Tulikuwa tukitafuta pamoja zamani, hema moja, sufuria moja. Miaka kumi na miwili sasa hatusemezani, tangu niliposema mbele za watu kwamba ule wayo wake maarufu ni dubu aliyekanyaga kwa mguu wa nyuma juu ya alama ya mguu wa mbele. Amekonda! Mrija wa oksijeni puani. Akasema mapafu yamechoka, hataki kufa na siri. Kila alfajiri yeye hugonga mti kwa rungu. (Wote tunagonga. Husemwa ndivyo Mkubwa anavyoongea.) Na ng'ambo ya bonde, miaka tisa, anajibiwa.

Akaiwasha kanda. Rungu lake, mara mbili. Kimya. Halafu jibu — ko! ko! — na nyuma ya kila ko, mlio mwembamba, zzz, kama nzi ndani ya chupa.

Watu wakasimama. Dwight anafuta machozi, anapaza sauti, "Lisemwalo lipo!" Ukumbi mzima: "Kama halipo laja!"

Mimi nilibaki nimekaa. Ule mlio naujua. Ni rungu la besiboli la marehemu mume wangu Roy, lina ufa kwenye mpini, nimelizungushia utepe lakini bado linalia.

Ni mimi yule.

Jumapili, 2 Oktoba

Lyle alionyesha na ramani jana. Kwa barabara, kutoka kwangu hadi kwake ni saa nzima kuuzunguka mlima. Kwa sauti — bonde tu! Sikuwahi kujua anagongea wapi, wala yeye hajui kwangu. Mtafiti atakumegea mkate wake wa mwisho, lakini mahali pake hakwambii.

Basi kama jibu lake ni mimi, jibu langu ni nani? Mimi pia nina miaka tisa ya kujibiwa! Nimehutubia juu ya kanda zangu mpaka chuo kikuu, maprofesa wameinamisha vichwa wanasikiliza. Wanamsikiliza Lyle! Mimi, Verna, ninayemjua dubu na ninayemjua mwongo, nimekosa kumjua mtu niliyekula naye sufuria moja.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikajiogopa. Halafu nikalia, na sikulilia kanda. Roy alipofariki nilikuwa siamki kitandani mpaka adhuhuri. Nilianza kuamka siku nilipojibiwa.

Jumanne, 4 Oktoba

Niliapa siendi tena ukingoni mwa bonde kugonga. Nimeenda. Akagonga, pigo la pili hafifu. Amechoka. Nikajibu. Ningefanyaje? Hodi ya mtu huiachi ikining'inia hewani.

Jumatano, 12 Oktoba

Janelle, binti wa Lyle, kapiga simu kutoka Tucson. Namkumbuka hana meno ya mbele. Sasa ana wajukuu.

"Shangazi Verna, baba hataki kushuka. Daktari kasema hataivuka baridi ya huko juu. Nimemtandikia chumba, jua limejaa, anakataa. Eti hawezi kumwacha rafiki yake."

"Rafiki gani?"

"Si hilo dude lenu! Linamwitikia kila asubuhi. Anasema likinyamaza ndipo ataondoka. Ongea naye, shangazi. Wewe anakuheshimu."

"Mwanangu, hatusemezani."

"Najua. Lakini mtu akimletea wayo, cha kwanza anauliza, 'Verna kasemaje?'"

 Nikaweka simu chini.

Nimekaa nalo mchana kutwa. Nikimwambia ukweli, namnyang'anya miaka tisa, na hana mingine. Nikiendelea kujibu, atabaki huko, na mlima utamuua. Nikinyamaza ataondoka, ataishi. Na mimi nitabaki na miti. Nanyamaza.

Alhamisi, 13 Oktoba

Aligonga. Nikaikalia mikono yangu — kweli kabisa, niliikalia. Akangoja. Akagonga tena. Kisha mara nne mfululizo, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikarudi nyumbani, nikapika supu, nikaimwaga.

Jumatatu, 17 Oktoba

Anagonga bado. Sijajibu.

Twyla wa dukani: "Mkubwa hajambo?" Nikamwambia amesafiri. "Lo! Hata yeye kaukimbia ushuru!" Akacheka mpaka akashika kaunta. Nilinunua mkate, sabuni, mkate mwingine nisiouhitaji, ili nisimame pale kidogo zaidi. Ndiyo maongezi yangu ya wiki.

Ijumaa, 21 Oktoba

Leo hakugonga. Nilikaa ukingoni mpaka jua likapanda juu ya misonobari. Kimya.

Basi imefaulu. Anafunga mizigo. Nifurahi! Sifurahi. Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu: nilitaka agonge. Nilitaka agonge nisimjibu, kesho agonge tena. Sikujua sauti ile ilichukua nafasi kubwa hivi ndani ya nyumba. Nimewasha redio ya hali ya hewa, kuna theluji kesho. Nimeiacha iongee.

Jumamosi, 22 Oktoba

Janelle amepiga saa sita. Analia.

"Kashapakia?" namuuliza.

"Hajapakia hata soksi! Kaniachia ujumbe kwenye simu. Anasema rafiki yake hawezi kunyamaza hivi hivi, lazima ameumia. Shangazi, ameshuka bondeni kumtafuta!"

"Na mtungi wa hewa?"

"Kauacha. Anasema ni mzito."

Theluji inaanguka tangu saa nne. Nimewapigia polisi wa kaunti. Wanakuja, lakini mti umeilalia barabara, watachelewa. Mpumbavu mimi! Ninamfahamu Lyle. Huyu mtu aliwahi kulala kwenye mvua akimlinda ndama wa paa aliyevunjika mguu. Nilidhani kimya kitamfukuza. Sikuwaza kwamba anampenda.

*

Niko ukingoni. Naandika kwa penseli, kalamu imeganda. Mikono isipofanya kitu kati ya pigo na pigo nitapiga mayowe. Nimeyapiga tayari — upepo umeyala. Rungu ndilo linalofika.

Nimegonga. Hakuna.

Nimegonga. Theluji inameza.

Nimegonga.

Amejibu! Chini kabisa, karibu na mto. Si rungu, ni jiwe kwenye gogo, dhaifu, lakini ni yeye. Yu hai! Nikishuka tutapishana kwenye weupe huu, tupotee wote wawili. Nikae hapa, nimwite kwa kitu pekee anachokifuata.

Anafuata. Nikigonga anajibu, na kila jibu limesogea. Anapumzika muda mrefu, roho yangu inanitoka, kisha — ko — juu kidogo.

Anapanda na mapafu yale akiamini anamwendea Mkubwa. Maisha yake yote amengoja kupanda huku. Atatokea pale kwenye mierezi, atainua macho, na atakachokiona ni bibi kizee mwenye koti la njano na rungu la besiboli. Atacheka? Zamani alikuwa mchekaji. Au ataketi palepale kwenye theluji asitake kuinuka tena? Nimewaza nilitupe rungu kichakani, niseme nilikuwa napita tu. Lakini nikiacha kugonga, atapotea.

Nasikia kikohozi chake. Matawi ya chini yanatikisika, theluji inamwagika. Sasa nasikia na maneno. Anasema kwa upole, kama mtu anayemsogelea mnyama asimtishe: "Usiogope, rafiki yangu. Umeumia? Usikimbie. Ni mimi tu."

Nagonga.