Shule Zinazofungwa kwa Mvua

Farsta, Jumanne, 9 Februari 2010

Eti chanzo cha habari hizi ni nini. Mwalimu ameandika hivyo kwa kalamu nyekundu kwenye kazi ya jiografia ya binti yangu Kezia.

Waliambiwa waeleze mji mmoja wa pwani ya Asia. Akachagua Mangalore, India, nilikosomea uuguzi miaka minne. Nilimweleza mwenyewe: bahari iko magharibi, milima mashariki, mtoto anaongea Kitulu nyumbani na Kikannada shuleni, na mvua ya Julai ikizidi, shule zote zinafungwa. Mwalimu amepiga mstari hapo kwenye mvua. Kwa vile hapa Uswidi watoto wanakwenda shule hata theluji ikifika magotini, basi kwingine haiwezekani shule kufungwa kwa mvua.

Chanzo ni mimi. Nililowa kule mpaka madaftari yangu yakaota ukungu.

Lakini mwalimu si kitu. Aliyenichoma ni Kezia. Nilimwambia, "Mwambie mwalimu kwamba mama yako aliishi huko." Akafungua kompyuta, akasoma habari za Mangalore, kisha akaniambia kwa Kiswidi, "Mama, kumbe ni kweli."

Kumbe. Na yale niliyoyaona kwetu Rumonge, mji nilikozaliwa, ambayo hayamo kwenye kompyuta yoyote, nikimsimulia ataniamini?