Ubeti wa Tatu Uko Ibra

Shikamoo dada Rukia,

Jua la Ibra, huku Omani, linanikaanga bila mafuta, lakini mie mzima. Jumatano nilikuwa soko la wanawake, nachagua wanja huku naimba ule wimbo wa harusi yako, kwa sauti yangu unayoijua. Bikizee muuzaji akanikatiza, kwa Kiswahili cha Unguja kabisa: "Mwanangu, sauti mbovu nakusamehe. Ubeti wa tatu umeutupa wapi?"

Nikamjibu kijuaji kuwa beti ni mbili tu.

"Nimeutunga mie, kwetu Vuga, Unguja mjini, kabla sijaolewa!"

Anaitwa Bi Zuwena. Aliondoka Unguja, nyimbo zake zikabaki zinaimbwa, jina hakuna aliyelishika. Wajukuu zake Kiswahili hawakijui. Anatamani kuusikia wimbo huo mzima, mara moja tu. Kanijazia kahawa mpaka nikakumbuka kuwa huku asiyetikisa kikombe hajatosheka.

Basi Ijumaa kikundi chenu kikiimba harusini, nipigie simu. Nitakuwa nimekaa naye. Mtajeni kwanza, kisha malizeni na ubeti wake:

*Ukenda na usirudi, niachie lako jina,*
*Nipate la kukuita, nikikosa kukuona.*

Mie nitanyamaza, naapa.

Mdogo wako akupendaye, mwenye sauti ya kunguru,
Asha