Tuta Lako la Mchicha

Dada Salma,

Niwie radhi kwa kimya cha mwaka mzima. Sikukosa karatasi wala nafasi. Nilikosa uso wa kukutazama.

Kila mwaka, katika bustani yetu ya pamoja ya kukodi hapa ugenini Edmonton, ulibakiza mashina saba ya mchicha yaliyo bora ili yakomae yatoe mbegu. Uliyafunga uzi mwekundu, ukawaambia majirani, "Hayo hayaliwi. Hayo ni ya mwakani." Machoni pa Colin, mwenyekiti wetu, yalikuwa magugu marefu. Alikuja na bomba mgongoni, akayapulizia dawa ya kuua magugu pamoja na uzi wake. Mbegu uliyoilea tangu Morogoro ikaisha asubuhi moja. Ulisimama na ndoo yako. Majira ya baridi hukuyamaliza.

Nilimchukia Colin, na bado namchukia. Nilipomdai aonyeshe sheria aliyoifuata, alinipa karatasi: tuta lisilopaliliwa litapuliziwa dawa bila taarifa. Mwandiko ulikuwa wangu. Mimi, katibu wa bustani, niliitunga, nikaisahihisha mara tatu, nikajivunia kwamba haina kosa. Wewe ulinitania, "Mwalimu, hapa si darasani. Mchicha hausahihishwi!" Sikucheka.

Redioni wanajadiliana namna Ulaya itakavyolima bila kuua udongo. Sisi tumekwama kwenye nusu ukurasa wangu wa sheria.

Sasa sikiliza. Mwaka huu jua limewaka hadi saladi za Colin zimelala kama matambara. Kwenye ufa wa njia ya matofali, kando ya tuta lako, umeota mchicha mmoja, mbichi na wima. Mbegu yake ilidondoka humo, dawa haikuifikia. Nimeufunga uzi. Juzi Colin alikuja, kofia mkononi: "Mwalimu, utanigawia mbegu?"

"Hizo ni mbegu za magugu, Mwenyekiti."

Uso ulimwiva kwa aibu. Nilifurahi, dada, wala sitatubu.

Jumamosi tunapiga kura. Nimependekeza sheria yangu ifutwe na dawa zipigwe marufuku. Wengi wanasita, wanasema migongo yao haiwezi kupalilia. Nimeongeza kwamba aliyepulizia tuta la marehemu alipalilie kwa mikono mwaka mzima, na aliyetunga sheria apige magoti kando yake. Colin hapati mbegu hata moja hadi kucha zake ziwe nyeusi kwa udongo. Na zangu pia.

Pumzika, dada. Wakishaamua nitakuandikia, hata kama karatasi itachafuka.

Mdogo wako,
Idrisa