Jumapili Mbili Nilizomdanganya Mama Yako

Kaka yangu Barakat,

Sijawahi kukuona umesimama. Mwaka mzima nilikujua kuanzia kifuani kwenda juu: ndevu, koti la kijani, na nyuma yako ukuta wa udongo. Kwa hiyo walipoonyesha picha yako kwenye taarifa ya habari, mtu mrefu ameshika bunduki, nilichelewa kukutambua. Nilikutambua kwa ule mwanya wa meno ya mbele.

Wengine watakaoisoma barua hii hawatujui, basi niruhusu niwaambie tulivyokutana.

Mimi ni mhudumu wa wagonjwa majumbani, Mtanzania, mtu wa Upare. Mama yako, Mama Gule, alipopata kiharusi, dada yako Leyla alitafuta mtu wa kumwogesha na kumlisha katika nyumba waliyopanga huku ughaibuni, Fridley, maana yeye anafanya kazi kiwandani hata siku za Jumapili. Na Jumapili saa nne asubuhi, kwenu Sinjar ikiwa jioni, ndiyo ilikuwa saa yako ya kupiga simu ya video. Mshika simu nikawa mimi.

Siku ya kwanza hukuniuliza hata jina. Uliuliza kwa Kiingereza, "Amekula?"

"Hataki," nikasema.

Ukatoweka kwenye kioo, ukarudi na mkate. Ukamwambia kitu kwa Kikurdi, ukamega, ukatafuna ukimtazama. Naye akamega. Ukamega tena, akamega tena. Siku tatu alikuwa amenikatalia uji, na siku ile alimaliza mkate mzima.

Baadaye ukaniuliza, "Dada, kwenu wapi?"

"Tanzania. Milimani."

"Milimani! Basi sisi ndugu. Watu wa tambarare hawatuelewi."

Ukageuza simu ukanionyesha mlima wenu. Ukasema mwaka ule wauaji walipokuja kuwamaliza Wayazidi, watu wa dini yenu, waliofika huko juu walipona, na baba yako hakufika. Ulilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kisha ukauliza kama mama amekunywa dawa.

Nilikuuliza kazi yako. "Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza," ukasema. "Sasa nalinda barabara." Nikaridhika. Kuna Jumapili wanaume watatu wenye silaha waliingia, wakasimama wima mbele yako kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu, nawe ukafunika simu kwa kiganja. Niliona. Sikuuliza, wala wewe hukueleza.

Ilikuwa Jumanne mchana. Nilikuwa Oakdale, mji wa jirani, kwa mzee mwingine ninayemhudumia, namlisha supu. Leyla akapiga simu.

"Nakijwa, wamempiga."

"Nani?"

"Barakat. Gari lote limeungua."

Televisheni ya yule mzee ilikuwa imewaka. Muda si mrefu wakasema: droni iliyotoka ng'ambo ya mpaka imeshambulia gari barabarani, na kiongozi wa wanamgambo wa Kiyazidi ameuawa pamoja na dereva wake. Ikatokea picha yako. Kisha wakahamia hali ya hewa, kwamba kesho kuna theluji. Nilibaki nimeshika kijiko hewani mpaka mzee akaniuliza kama naumwa.

Droni, Barakat. Mimi nilizijua kama vitu vya kupigia picha za harusi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa nchi nyingine, akakutazama kwenye kioo kama nilivyokutazama mimi, halafu akabonyeza.

Jioni ile Leyla alinishika mabega. "Mama asijue. Presha yake itapanda. Tutamzika na yeye." Nikakubali. Kosa langu linaanzia hapo.

Jumapili mama yako aliniagiza kwa mkono nimfunge kile kilemba chake cheupe. Akafuta kioo cha simu kwa mkono wa gauni lake. Saa nne ikafika, ikapita.

"Network," nikamwambia. Ni neno analolijua. Akaitikia kwa kichwa, akakaa na kipande cha mkate mkononi mpaka saa tano. Hakumega.

Jumapili ya pili nikamwambia neno lilelile. Alikuwa amekonda hadi pete ikamtoka kidoleni nikimwogesha. Jioni nikamwambia Leyla jikoni, "Sitamdanganya tena."

"Wewe ni mfanyakazi hapa," akanijibu. "Yule ni mama yangu."

Alisema kweli.

Jumapili ya tatu Leyla hakwenda kazini. Alijifungia chumbani, hakuniambia ameamua nini. Saa nne mama yako hakudai simu. Alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akasema neno moja tu.

"Khabar?"

Mimi na yeye tulikuwa na maneno machache yanayofanana: chai, sabuni, dunia. Na hilo. Nilifungua kinywa niseme network, likakataa kutoka. Nilipiga magoti pale chini ya kiti chake, nikalia. Leyla akatoka mbio, akatukuta hivyo, akakaa sakafuni na yeye. Kisha akamwambia mwenyewe kwa lugha yenu. Nililoelewa ni jina lako tu.

Nilijiandaa kwa mayowe. Kipimo cha presha nilikuwa nimekiweka mezani. Lakini mama yako aliuliza swali moja, na Leyla akashtuka.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Anauliza nani alikuwa anaendesha."

Barakat, hakuna aliyekuwa ameuliza. Mimi niliyeitafuta habari ile kwenye simu na kuisoma mara kumi, nilipita juu ya maneno "dereva wake" kana kwamba ni mkato tu kwenye sentensi. Leyla alikuwa anajua. Alikuwa Elyas, baba wa watoto watatu, mtoto wa Hadia, jirani yenu wa zamani, ambaye mama yako alipanda naye mlima siku ile ya kukimbia.

"Mpigieni Hadia," mama yako akaagiza.

Nikashika simu mimi, kama kawaida. Akatokea mwanamke mzee ndani ya hema la kambi ya wakimbizi. Wakatazamana. Hadia akasema maneno machache, na mama yako akajibu kwa kirefu, akijipiga kifuani. Leyla hakuweza kutafsiri mpaka simu ilipokatika. Hadia aliuliza kwa nini siku zote hizo hakuna mtu wa nyumba yenu aliyempigia. Mama yako alisema, "Walinificha mwanangu, na wako wakamficha pamoja naye. Nisamehe, Hadia. Mwanangu ndiye aliyempandisha wako kwenye lile gari."

Hadia hakusema amesamehe. Lakini hakukata simu. Walikaa wakitazamana mpaka chaji yake ilipoisha.

Sijui ulikuwa nani, kaka. Leyla anasema bila wewe na wenzako pale mlimani pasingebaki mtu. Wa ng'ambo ya mpaka wanasema umewaulia watoto wao. Mimi si mtu wa kuamua hilo, na nikijaribu kichwa kinauma. Ninachojua ni kwamba bado nashtuka. Nikitoka kazini nasimama paking natazama juu, mtu mzima mimi, kwenye mji ambao hakuna anayenitafuta. Tena nina hasira na wewe. Ulijua unawindwa. Elyas alijua? Ulimwambia, au ulimfunikia kama ulivyonifunikia mimi?

Presha haikumuua mama yako. Nilimpima jana, iko vizuri kuliko yangu. Leyla ameniomba radhi nami nimemwomba, ingawa tunazungumza kwa uangalifu bado, kama watu waliovunja kitu cha mwenye nyumba.

Nilipomwambia mama kwamba nakuandikia, alimpa Leyla maneno yake anifikishie. Anasema hajakusamehe kwa ajili ya Elyas. Anasema anakuombea kila asubuhi jua linapochomoza. Nilimwuliza niandike lipi. Akasema yote mawili.

Pumzika, kama huko wanakuacha upumzike.

Dada yako wa Fridley,
Nakijwa