Nyuma ya Shuka la Sinema

Ijumaa, 3 Agosti 1979. Ntobeye.
Gari la sinema lilikuja tena jana. Kama kawaida: nimekwenda na stuli yangu, nimekaa mbele, nimerudi na hasira. Picha tatu.

Ya kwanza, jinsi ya kuchimba choo. Mchimbaji kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Kamaliza shimo bila tone la jasho. Uongo mtupu. Mimi nimechimba choo cha shule. Siku ya pili niliwasamehe maadui zangu wote, nikijua nakufa.

Ya pili ya Kihindi. Vijana wawili wanapendana. Wanaimba mlimani, wanabadili nguo, wanaimba mtoni, wanabadili tena. Huku kwetu sabuni haipatikani. Nani anafua? Nani analima? Baba wa msichana ndiye pekee mwenye akili, na wamemfanya adui.

Ya tatu fupi, habari za vita. Askari wetu ng'ambo ya mpaka wanapanda malori, wanakula, wanapunga mikono. Sikuiona vizuri. Nilikuwa nabishana na Mwenyekiti wa kijiji.

Shuka la sinema hufungwa katikati ya uwanja kwenye milingoti miwili. Wanaume mbele, kwenye viti. Wanawake nyuma ya shuka, chini, kwenye vumbi. Miaka yote ndivyo. Nikamwuliza kama huu ndio usawa tunaouimba kwenye mikutano. Akasema, "Mwalimu, shuka lenyewe jepesi. Picha ni ile ile mbele na nyuma. Tulia tuangalie." Watu wakacheka. Sikutulia.

Jumamosi, 4 Agosti
Dada Paskazia kaja kabla sijanywa uji. Mbio. Sijamwona akitembea hivyo tangu Deo aende vitani. Amemwona. Deo, mwanawe wa pekee, mpwa wangu, miezi tisa bila barua. Yumo kwenye picha ya habari. Amechutama kando ya sufuria, kofia imemfunika uso, anakula kwa mkono wa kushoto.

Uso hawezi kuuapia. Mkono anauapia. Marehemu mama alimfunga Deo mkono huo kwa kamba ya mgomba, mwaka mzima, ili ale kama watu. Kamba ilipofunguliwa akarudi kushoto siku hiyo hiyo.

Kaniuliza kama nami nilimwona. Mtu alikuwa mbele ya macho yangu, mimi namtazama Mwenyekiti. Najichukia.

Gari limeelekea Kanazi na Lusahunga. Litapita tena hapa Ijumaa na picha zile zile. Dada anahesabu siku.

Jumatatu, 6 Agosti
Mkutano wa kijiji. Nilikwenda na hotuba ya kurasa sita. Nimewataja Wagiriki, nimelitaja Azimio, nimefika ukurasa wa nne watu wakaanza kusinzia. Mwenyekiti akasimama. "Mwalimu amesoma sana. Sasa wake zetu wakikaa kwenye viti, sisi tukae wapi?"

Mama Skola, mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, akajibu bila kuinuka: "Mkae nyuma. Si mmesema picha ni ile ile?"

Ikaishia hapo. Mikono ikanyooshwa. Ijumaa wanawake watakaa mbele. Nimeshinda, ingawa maneno yaliyoshinda si yangu. Dada nimemwekea kiti cha kwanza. Safari hii atamwona Deo sawasawa.

Jumatano, 8 Agosti
Darasa la kisomo. Mama Skola kauliza kwa nini maandishi ya sinema yanaanzia kulia, kama ya shehe wa Biharamulo. Nikacheka mpaka nikashika meza. Nikachora shuka ubaoni, mashine upande huu, ninyi upande ule. Anayekaa nyuma, nikaeleza, huona kila kitu kimegeuka. Kulia ni kushoto na kushoto ni kulia.

Hapo nikaacha kucheka. Chaki mkononi.

Aliyekula kwa kushoto nyuma ya shuka, mbele anakula kwa kulia. Kama askari wengine wote.

Dada alikuwa dawati la mwisho, ananakili mchoro. Hakuinua kichwa.

Nimemaliza kabati zima la vitabu vya misheni, na sijawahi hata siku moja kukaa nyuma ya shuka. Mpumbavu aliyesoma. Sasa Ijumaa nitakuwa nimemkalisha dada kiti cha mbele, kwa ushindi wangu mwenyewe, aone.

Alhamisi, 9 Agosti
Nilikwenda kwake kumwambia. Maisha yangu yote nimehubiri kwamba ukweli ni kama iodini, unachoma na unaponya. Nimewapaka wengi. Leo nimekula ndizi na maharage, nimezungumzia mvua, nimeaga.

Mwoga.

Jumamosi, 11 Agosti
Jana wanawake walikaa mbele, migongo imenyooka, kama wageni wa serikali. Mwenyekiti nyuma, kwenye vumbi, analalamika kwamba hawezi kusoma kitu. Ningefurahi siku nyingine yoyote.

Kiti cha dada kilikuwa kitupu.

Nikamkuta nyuma ya shuka, pale pale alipokaa wiki iliyopita, peke yake katikati ya wanaume. Nikachutama karibu naye. Mchimba choo akapita, bado hana jasho. Wahindi wakaimba; nyuma kama mbele, baba bado ndiye mwenye akili. Nikajikaza. Nikaanza: dada, kuna jambo kuhusu hili shuka.

"Najua, mdogo wangu. Juzi ulilieleza vizuri. Kaa, unanizibia."

Nikakaa. Habari zikaja. Malori. Sufuria. Kofia. Mkono wa kushoto ukaingia kwenye ugali, ukaenda mdomoni polepole, ukarudi. Dada hakulia. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehakikisha.

"Anakula vizuri," akasema.

Sijui alimsema nani. 

Jumapili, 12 Agosti
Baada ya misa dada kapita kuomba bahasha. Barua za kwenda kwa Deo huwa naandika mimi, ndefu, zimejaa siasa. Hii kaandika mwenyewe, kwa penseli. Mistari mitano. Migomba imezaa. Mbuzi kazaa mapacha. Mjomba wako bado anagombana na watu. Wewe kula tu, mwanangu, kwa mkono wowote.

Makosa manne ya herufi. Nimeifunga bila kuyagusa.